Mbegu ya ghalani si mfano wa seli ya saratani iliyolala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni kuhusu makala ya afya mliyoichapisha hivi karibuni, iliyoeleza kwa nini saratani huweza kurudi miaka mingi baada ya mgonjwa kumaliza matibabu. Mwandishi wa makala hiyo anastahili pongezi, kwa kuwa jambo hilo huzungumzwa zaidi kwa minong'ono, na mara nyingi huzungumzwa vibaya. Hata hivyo, alipofika mahali pa kueleza zile seli chache zinazobaki mwilini bila kukua, alizifananisha na mbegu kavu zilizohifadhiwa ghalani zikisubiri mvua, kisha katika kisanduku cha maelezo akaandika kwamba mgonjwa akitimiza miaka 5 bila dalili, mbegu hizo huwa zimekwisha kufa. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kupima uotaji wa mbegu maabara, na nitakayoyasema kuhusu saratani nimeyapata katika tafiti zilizochapishwa na wenye taaluma hiyo. Lakini kwa upande wa mbegu, ambao ndio wangu, naweza kusema bila kusita kwamba mwandishi wenu alichagua mbegu isiyofaa, na uchaguzi huo ndio uliomfikisha kwenye hitimisho lile la miaka 5.

Kuifananisha saratani na mbegu si jambo geni. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti, akaona kwamba vivimbe vya pili havikutapakaa ovyo mwilini bali vilipendelea viungo fulani na kuviacha vingine, akahitimisha kwamba seli zinazosafiri, kama ilivyo kwa mbegu, haziwezi kuota isipokuwa kwenye udongo unaozikubali. Suala la kulala lilikuja baadaye. Mwaka 1934 Rupert Willis, mtaalamu wa patholojia kutoka Australia, aliandika juu ya seli za saratani zilizolala, na mwaka 1954 Geoffrey Hadfield wa Uingereza akalirudia wazo hilo kwa kirefu, akisema kwamba seli hizo zimesimamisha kugawanyika kwa muda. Mwandishi wenu, kwa hiyo, yumo katika msafara wa watu wazito, na sina ugomvi na mfano wenyewe.

Ugomvi wangu ni huu: mbegu kavu iliyo ghalani haijalala. Imekauka tu. Nafaka iliyokaushwa vizuri ina maji machache sana ndani yake, na katika ukavu huo karibu shughuli zote za seli husimama kwa kukosa kimiminika ambamo kemikali zingekutana. Ukiipa mbegu hiyo maji, hewa na joto la wastani, itavimba na kuota, kwa sababu haikuwa na kizuizi chochote isipokuwa kukosa mahitaji. Mbegu iliyolala ni kitu kingine kabisa: ina maji, ina hewa, ina joto linaloifaa, iko hai, na bado haioti. Wanasayansi wa mbegu huzitenganisha hali hizi mbili kabla ya kusema neno lingine lolote, na mwanafunzi anayezichanganya hurudishiwa karatasi yake.

Tofauti hiyo huonekana waziwazi katika sahani ya kuoteshea. Mpimaji hupanga mbegu juu ya karatasi chujio iliyoloa, akafunika, akaweka sahani katika kabati lenye joto lisilobadilika. Baada ya siku chache nyingi huwa zimepasua ganda na kutoa kimzizi cheupe, lakini katikati yao hubaki kadhaa ambazo zimevimba sawasawa na wenzake, ganda limelainika, ukizibonyeza kwa kibanio hazipondeki, wala hazina ukungu wala harufu ya kuoza. Asiyezoea huziandika kuwa zimekufa. Aliyezoea huchukua moja akaikata kwa wembe kwa urefu, ili kiinitete kigawanyike pande mbili, akaitumbukiza katika maji yaliyoyeyushwa chumvi ya tetrazoliamu, ambayo haina rangi, na kuiacha gizani penye uvuguvugu kwa saa kadhaa. Akiitoa, kiinitete huwa kimegeuka chekundu, kwa kuwa vimeng'enya vya upumuaji katika seli zilizo hai huibadilisha chumvi hiyo kuwa rangi nyekundu, ilhali kiinitete kilichokufa hubaki cheupe. Mbegu iliyokataa kuota ilikuwa inapumua muda wote ule.

Kinachoizuia kinajulikana kwa kiasi kikubwa. Homoni iitwayo asidi ya absisiki hukandamiza uotaji na homoni za jiberelini huusukuma mbele, na mbegu iliyolala huendelea kutengeneza ile ya kwanza hata baada ya kulowa. Kuna mahindi yenye hitilafu za jeni ambayo hayawezi kuitengeneza asidi hiyo au hayawezi kuitambua. Punje zake huchipua zikiwa bado kwenye gunzi, juu ya mmea, kabla hazijakauka. Haya ndiyo ninayotaka mwandishi wenu ayaone. Kulala ni kazi inayofanywa na seli hai kwa kutumia homoni, jeni na nishati, na kazi hiyo ikikatizwa usingizi nao huisha. Mbegu ya ghalani haifanyi kazi hiyo, na ndiyo sababu haiwezi kutufundisha mengi kuhusu saratani.

Zaidi ya hayo, mbegu iliyolala udongoni inasoma mazingira yake. Mwaka 1952 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika kituo cha Beltsville, Maryland, walizimulikia mbegu za saladi zilizoloweshwa mwanga mwekundu, nazo zikaota. Walipofuatisha mwanga mwekundu wa mbali, ule ulio ukingoni mwa uwezo wa jicho letu kuona, zikabaki zimelala. Walibadilisha mianga hiyo kwa zamu mara nyingi, na kila mara mwanga wa mwisho ndio ulioamua. Maana yake shambani ni rahisi: jua likipita katika majani, mwanga mwekundu hunyonywa na ule wa mbali hupita, kwa hiyo mbegu iliyo chini ya kivuli cha mimea hujua kwamba juu yake hakuna nafasi. Nyingine husubiri baridi ya majuma kadhaa, nyingine husubiri joto linalopanda mchana na kushuka usiku, na nyingine husubiri moshi wa moto wa nyika, ambao kemikali zake za kuamsha mbegu zilitambuliwa na watafiti wa Australia mwaka 2004. Mbegu nyingi zilizofukiwa huingia katika usingizi mzito na kutoka humo mwaka baada ya mwaka kufuata majira, bila kuota, zikiwa zimeloa.

Wapo watakaouliza hali hiyo inaweza kudumu kwa muda gani, na hapa lipo jaribio ambalo sichoki kulisimulia. Mwaka 1879 William James Beal, profesa wa botania katika chuo cha kilimo cha Michigan, alifukia chupa 20 zilizojaa mchanga uliochanganywa na mbegu za aina zaidi ya 20 za mimea, mbegu 50 za kila aina katika kila chupa. Chupa moja ilipaswa kufukuliwa kila baada ya miaka 5. Warithi wake waliongeza muda huo ukawa miaka 10, kisha 20, na jaribio bado linaendelea. Chupa ya karibuni zaidi ilifukuliwa mwaka 2021, usiku, kwa sababu ile ile ya Beltsville: mwale mmoja wa mwanga ungeweza kuziamsha mbegu kabla hazijafika maabara. Aina nyingi zilikuwa zimekwisha kufa zamani, lakini mbegu za mimea ya jamii ya Verbascum ziliota baada ya miaka 141. Chupa inayofuata ni ya mwaka 2040. Ninalomwomba msomaji aliangalie katika jaribio hili si ule urefu wa muda peke yake. Aangalie pia kwamba katika matokeo yote hayo hakuna mwaka ambao mtu angeweza kuuwekea mstari na kusema kuwa kabla yake zote zilikuwa hai na baada yake zote zimekufa. Aina moja ilitoweka mapema, nyingine ikapungua kidogo kidogo, nyingine ikadumu kuliko alivyotarajia Beal mwenyewe, na hata ndani ya aina moja, chupa moja, mchanga mmoja, zipo zilizoota na zipo ambazo hazikuota.

Sasa turudi mwilini. Seli ya saratani iliyotoka kwenye titi ikatua katika uboho wa mfupa haijakauka. Imezungukwa na maji, sukari, oksijeni na joto la nyuzi 37, yaani kila inachohitaji ili igawanyike, na haigawanyiki. Huyo ni ndugu wa mbegu iliyovimba kwenye sahani. Inapumua, inatumia nishati, inasoma mazingira yake, na kuna kitu kinachoizuia au inachojizuilia. Wataalamu wa saratani hutaja vizuizi vya namna tatu, ambavyo kwa kweli huingiliana. Kimoja kimo ndani ya seli yenyewe, ambamo ishara zinazohimiza kugawanyika huzidiwa nguvu na ishara za msongo zinazoamuru kusimama. Tayari msomaji ataona hapa kivuli cha zile homoni mbili za mbegu, ingawa kemikali zake hazihusiani. Kingine ni uhaba wa mishipa ya damu, jambo lililosisitizwa na Judah Folkman wa Marekani kuanzia mwaka 1971: kishada cha seli kisichojitengenezea mishipa hakivuki ukubwa wa milimita 1 au 2, kwa kuwa kadiri seli zinavyozaliwa upande mmoja ndivyo zinavyokufa upande mwingine. Hicho, ukitazama kwa karibu, si usingizi wa seli moja moja. Ni umati unaohangaika bila kuongezeka.

Kizuizi cha tatu, yaani mfumo wa kinga, ndicho kilichonishangaza nilipokisoma. Mwaka 2003 madaktari wa Uskoti walieleza kisa cha wagonjwa wawili waliopandikizwa figo kutoka kwa mtu mmoja aliyefariki. Wote wawili baadaye walipatwa na melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi, na mmoja wao akafa. Ilipochunguzwa historia ya mtoa figo, iligundulika kwamba miaka 16 kabla yake aliwahi kufanyiwa upasuaji wa melanoma na kuhesabiwa kuwa amepona. Kwa maisha yake yaliyobaki ugonjwa huo haukuonekana tena, ilhali seli zake zilikuwamo katika figo zote mbili. Zilipohamishiwa katika miili ya watu wanaokunywa dawa za kupunguza nguvu za kinga, ili figo ngeni isikataliwe, zikakua. Figo zilikuwa zile zile na seli zilikuwa zile zile; kilichobadilika ni mlinzi. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi ya huo kwamba miaka 16 ya utulivu haikuwa miaka 16 ya kutokuwapo kitu, na kwamba kilichozituliza kilikuwa kinafanya kazi siku zote hizo.

Kwa msingi huo ndipo naomba kisanduku cha miaka 5 kitazamwe upya. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchambuzi wa wanawake 62,923 waliokuwa na saratani ya matiti yenye vipokezi vya estrojeni, yaani inayopokea ishara za homoni hiyo ya kike, waliopangiwa tiba ya homoni kwa miaka 5, na ambao hawakuwa na dalili yoyote ya ugonjwa walipoimaliza. Kuanzia mwaka wa 5 hadi wa 20, saratani iliendelea kurudi kwa baadhi yao kwa mwendo usiobadilika sana. Hakukuwa na mwaka ambao hatari ilikatika. Katika miaka hiyo 15, hatari ya kurudi katika viungo vya mbali ilikuwa 13% kwa wale ambao uvimbe wao wa awali ulikuwa mdogo na haukufika kwenye tezi za limfu, na ilifika 41% kwa wale waliokuwa na uvimbe mkubwa zaidi uliokwisha kufika kwenye tezi 4 hadi 9. Waandishi wenyewe walitahadharisha kwamba wanawake hao walitibiwa katika miaka ya nyuma, na kwamba wanaotibiwa leo huenda wana matarajio bora zaidi. Hata hivyo, umbo la mchoro ndilo linalonihusu. Ni umbo lile lile la chupa za Beal: hakuna ukuta, kuna mteremko mrefu.

Naharakisha kusema kwamba miaka 5 si kipimo kisicho na maana. Zipo saratani ambazo, zikishakaa kimya kwa muda huo, hurudi kwa nadra sana, ikiwemo ile ya matiti isiyo na vipokezi vya homoni, ambayo marudio yake mengi hutokea katika miaka ya mwanzo. Kosa ni kukichukua kipimo cha takwimu, kilichowekwa ili hospitali na nchi ziweze kulinganisha matokeo yao, na kukifanya kiwe siku ambayo seli hufa.

Kuna upande wa pili wa hesabu ambao mwandishi hakuugusa, nao ni wa kutia moyo. Mwaka 2005 watafiti waliojumlisha tafiti kadhaa zenye wagonjwa 4,703 wa saratani ya matiti, ambao ugonjwa wao haukuonekana kusambaa, walieleza kwamba karibu 31% walikuwa na seli za saratani katika uboho wakati ugonjwa ulipogunduliwa. Wenye seli hizo walikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko wasio nazo, hilo ni kweli, lakini wengi wao hawakurudiwa na ugonjwa katika muda waliofuatiliwa. Seli nyingi zilizolala haziamki. Zinakufa, zinauawa, au zinabaki zilivyo mpaka mwenye mwili anafariki kwa sababu nyingine akiwa mzee. Hata udongo wa bustani ya kawaida umejaa mbegu ambazo hazitaota kamwe, na mtu anayeupita kila siku hana habari nazo.

Sitaki nionekane kuwa naushangilia mfano wa mbegu kupita kiasi, kwa hiyo niseme pia unapovunjika. Usingizi wa mbegu umechongwa na uteuzi wa asili kwa vizazi vingi mno. Mmea mama hutoa mbegu zenye usingizi wa kina tofauti, ili mvua ya kudanganya ikija na kuziotesha zile nyepesi, zikafa kwa ukame, nzito zibaki kuendeleza ukoo. Seli ya saratani haina ukoo wa aina hiyo uliopita katika majira maelfu; inaiba vifaa ambavyo mwili tayari unavyo, vile vinavyotuliza seli za shina katika uboho au kwenye vinyweleo ili zisichoke mapema. Tofauti nyingine, ambayo kwangu ni nzito zaidi, ni kwamba mbegu ikishatoa mzizi hairudi nyuma. Itakua au itakufa. Seli ya saratani huweza kuamka, ikagawanyika kidogo, kisha ikalala tena inapobanwa, pengine kwa sababu ya tiba yenyewe. Watafiti wa Toronto walionyesha mwaka 2021 kwamba seli za saratani ya utumbo mpana zinapopigwa na tibakemikali huweza kuingia katika hali ya utulivu inayofanana na ile ya viinitete vya wanyama wanaosimamisha mimba kwa muda, kisha zikaendelea kukua dawa inapoondolewa. Tibakemikali nyingi hulenga seli inayogawanyika, na iliyosimama huponea chupuchupu kwa kutofanya lolote ambalo dawa inalitafuta.

Mfano wa mbegu una faida yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, pale tunapouliza kifanyike nini. Wakulima wanaopambana na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, wanalijua swali hili. Mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na hulala udongoni kwa miaka mingi mpaka zipate kemikali inayotoka kwenye mizizi ya mahindi, mtama au mmea mwingine zinaoweza kuunyonya. Gugu hilo lilipogunduliwa katika majimbo ya Carolina, nchini Marekani, mwaka 1956, mojawapo ya mbinu zilizotumika ni kupuliza gesi ya ethilini ndani ya udongo usio na mazao. Gesi hiyo huziamsha mbegu, zinatoa kimzizi, hazikuti mmea wa kuushikilia, na kwa kuwa hazina akiba ya chakula zinakufa baada ya siku chache. Eneo lililovamiwa limepungua mno tangu wakati huo, ingawa ethilini haikufanya kazi hiyo peke yake.

Wapo wanasayansi wanaopendekeza mbinu ya namna hiyo kwa saratani, yaani kuziamsha seli kwa makusudi ili tibakemikali iziue. Mimi, nikiwa mtu wa mbegu, naitazama kwa mashaka. Kiduha kilichoamka bila mwenyeji hufa chenyewe, lakini seli ya saratani iliyoamka haina haja ya kutafuta mwenyeji, kwa kuwa tayari imo ndani yake. Mkulima akikosa mbegu 1 katika 100 amefanya kazi nzuri sana. Mgonjwa hawezi kuhesabu hivyo. Njia mbili zilizobaki, ya kuzidumisha seli katika usingizi na ya kuziua zikiwa zimelala, zinaniingia akilini zaidi.

Ile ya kudumisha tayari inatumika kwa kiasi fulani. Utafiti mkubwa uitwao ATLAS, uliochapishwa mwaka 2012, ulilinganisha wanawake waliokunywa tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni, kwa miaka 5 na walioendelea nayo hadi miaka 10, na hatari ya kufa kwa saratani ya matiti kati ya mwaka wa 5 na wa 14 ilikuwa 12.2% kwa walioendelea na 15.0% kwa walioacha. Msomaji aliyeamini kisanduku chenu atajiuliza kwa nini daktari anamwongezea miaka ya vidonge ilhali mbegu zimekwisha kufa, na huenda akaviacha. Hatari ya kweli ya sentensi ile ndogo ipo hapo.

Ile ya kuua usingizini bado ni changa. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa wapatao 50 waliokuwa wamemaliza matibabu ya saratani ya matiti na kukutwa na seli zilizolala katika uboho. Walipewa haidroksiklorokwini, dawa ya zamani ya malaria, au everolimasi, dawa inayotumika kwa baadhi ya saratani, au zote mbili, na kwa wengi wao seli hizo zilipungua au hazikuonekana tena. Jaribio hilo lilikuwa dogo mno kuthibitisha kwamba maisha yameokolewa, na mtu asikimbilie duka la dawa. Kinachonivutia ni mantiki yake. Seli iliyolala hujilisha kwa kuzimeng'enya sehemu zake yenyewe zilizochakaa, na dawa ile ya malaria huuzuia mchakato huo. Kama seli hizo zingekuwa kavu kama mbegu za ghalani, kusingekuwa na chakula cha kuzinyima.

Limebaki jambo moja ambalo makala yenu ililitaja kwa sentensi mbili, nalo lisingepaswa kupita hivyo hivyo: kwamba watu huziamsha mbegu zao wenyewe kwa majonzi na kinyongo. Zipo tafiti za panya zinazoonyesha kwamba uvimbeuchungu wa mapafu huweza kuamsha seli zilizolala humo. Mojawapo, ya mwaka 2018, ilitumia moshi wa tumbaku, na nikiri kwamba mtu aliyezoea mbegu zinazoamshwa na moshi hutabasamu kidogo anaposoma hayo, ingawa njia zenyewe hazina uhusiano wowote. Huo ni msingi mzuri wa kumwambia mtu aache sigara. Si msingi wa kumwambia mjane aliyerudiwa na saratani kwamba amejiletea kwa kulia.

Ninaomba, kwa hiyo, kisanduku kile kirekebishwe katika toleo lijalo na katika nakala ya mtandaoni. Mahali palipoandikwa kwamba seli zilizobaki huwa zimekufa baada ya miaka 5, pasomeke kwamba hatari ya saratani kurudi hutofautiana kwa aina na hatua ya ugonjwa, kwamba kwa saratani ya matiti yenye vipokezi vya estrojeni huendelea kwa angalau miaka 20, na kwamba mgonjwa asiache vidonge wala kliniki ya ufuatiliaji bila kushauriana na daktari wake. Sentensi hiyo ya mwisho naomba ipitiwe kwanza na bingwa wa saratani kabla ya kuchapishwa, kwa kuwa hapo mimi ni msomaji kama wasomaji wengine. Ile ya mbegu naweza kuitetea mwenyewe.

Msomaji wako,
Mpimaji wa mbegu